Mashujaa Tisa wa Alhamisi Usiku, Kuanzia wa Mwisho Hadi wa Kwanza

Alhamisi usiku Muscat ina raha yake. Kesho Ijumaa, hakuna ofisi wala skuli, nje joto halijashuka, ndani kiyoyozi kinanguruma, na kuanzia Mabela hadi Al Khuwair vijana wetu wa Kiswahili wameshavaa hedifoni wanaitana. Muscat saa nne, Unguja na Mombasa saa tatu, na jamaa wa Uingereza ndio kwanza anatoka kazini. Mchezo ni Marvel Rivals wa kampuni ya NetEase ya China, uliotoka Desemba 2024 na kuvuta wachezaji milioni 10 katika siku tatu za mwanzo. Ni bure, ni sita kwa sita, na ulianza na mashujaa 33 katika makundi matatu: Vanguard, yaani wabeba ngao, Duelist, wapiganaji, na Strategist, ambao sisi tunawaita waganga tu na wanaitika.

Kila wiki mzozo ni ule ule. Watano wanataka kupigana, wa sita kanyamaza kimya akiomba asionekane. Basi nimeamua kutoa hukumu, na atakayenuna anune.

Kipimo changu kimoja: shujaa anaifaa vipi timu iliyotawanyika baina ya Muscat, Unguja, Mombasa na Uingereza, pingi ikiwa juu? Kwa asiyeijua pingi, ni muda ambao amri ya kidole chako inasafiri hadi kwenye seva na jibu likakurudia. Mwanga ndani ya nyaya za mkongo hukata kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Muscat hadi Frankfurt ni zaidi ya kilomita 5,000 kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo seva ikiwa huko, kwenda na kurudi peke yake kunakula milisekunde 50, na nyaya zenyewe hazinyooki hata kidogo. Nyingi zinazunguka kupitia Bahari ya Shamu. Februari 2024 kadhaa zilikatika humo. Mei mwaka huo huo EASSy na Seacom zikakatika upande wa kusini mwa Afrika, Tanzania na Kenya zikayumba. Septemba 2025 Bahari ya Shamu tena, karibu na Jeddah. Mtu anayechagua shujaa bila ya kuifikiria bahari anajisumbua.

Tuhesabu sasa.

9. Hawkeye

Upinde mmoja, mishale, na kiburi cha kutosha mtaa mzima. Ukiuvuta upinde wake hadi mwisho ukampata mtu kichwani, wapiganaji wengi hulala kwa pigo moja. Sharti ni kwamba kichwa kiwe pale unapokiona. Kwa pingi yetu, hakipo.

“Nimempiga kichwani kabisa!”

“Umekipiga kichwa cha sekunde iliyopita, yakhe. Mwenyewe keshahama.”

8. Spider-Man

Mikononi mwa anayemjua ni balaa. Wanaomjua ni wachache, na kwa kawaida wako timu ya pili.

7. Black Panther

Hapa najua nitaandamwa. T'Challa ni wetu. Stan Lee na Jack Kirby walimtoa mwaka 1966 katika toleo la 52 la Fantastic Four, na filamu yake ya 2018 iliwajaza watu kumbini kutoka Nairobi hadi Muscat. Mchezo umeijenga Wakanda yenyewe kuwa uwanja, na ukiingia ndani ya Hall of Djalia unakuta dhahabu, sanamu kubwa na dari refu, mahali pa kumfanya mtu asahau kupigana. Kumchagua Panther humo ni kama kucheza nyumbani.

Lakini tazama kazi yake. Anarusha mkuki, adui anapata alama ya vibranium, kisha Panther anamrukia yule mwenye alama, na akimpata, ule mruko unarudi hapo hapo tayari kutumika tena. Alama, mruko, alama, mruko, mpaka waganga wa upande wa pili wameisha. Mnyororo huo unataka kila pete ishike. Pingi ikiruka mara moja tu, mruko unaishia hewani, na mfalme wa Wakanda amesimama peke yake katikati ya watu sita wenye silaha. Nampenda, na nitaendelea kumpenda, nikimtazama anachezwa na mtu mwenye pingi ndogo.

6. Jeff

Papa mdogo wa nchi kavu, ana miguu minne, anawamwagia wenzake maji ya kuwatibu. Mpeni mdogo wenu wa mwisho, yule anayelia asipochezeshwa. Pigo lake kubwa linameza timu nzima ya adui, naye akajitupa nayo shimoni au akaitemea huko. Mtoto wa miaka tisa akilifanya hilo mara moja, hadithi mtaisikia mpaka Idi.

5. Scarlet Witch

Wapiganaji wenye sifa hawamtaki kwa sababu pigo lake la kawaida linamnasa adui lenyewe, halihitaji shabaha ya sindano. Mimi namtaka kwa sababu hiyo hiyo! Pingi ikiwa 120, wenye shabaha wanapiga kuta na yeye anapiga watu. Pigo lake kubwa linachukua muda kujaa, na uwanja mzima unamsikia anavyolijaza, kwa hiyo anza nyuma ya ukuta, tokeza mwishoni, na kila aliye karibu nawe anafutika. Anayesema hiyo si fani, mwambieni asome ubao wa matokeo.

Niseme neno kuhusu wakongwe, maana vijana wanadhani mambo haya yamezaliwa juzi. Kuwagawa mashujaa kwa kazi zao mtandaoni kulishika mizizi katika mchezo wa City of Heroes, uliofunguliwa Aprili 2004. Humo hukupewa Spider-Man wa mtu. Ulimuumba shujaa wako mwenyewe, ukachagua kazi: Tanker wa kubeba kipigo, Blaster wa kurusha moto, Scrapper wa mkono kwa mkono, Controller wa kuwafunga maadui, na Defender wa kuwatunza wenzake. Ulifungwa tarehe 30 Novemba 2012, wachezaji wake wakakataa kuuzika, wakaurudisha kwa seva zao wenyewe mwaka 2019, na Januari 2024 wenye mali, NCSoft, wakawapa Homecoming, mojawapo ya seva hizo, ruhusa rasmi ya kuuendesha. Watu walioutunza mchezo miaka yote hiyo nawapa heshima kamili. Na ukiwauliza nani aliyekuwa adimu kupatikana kwenye timu, wengi watakutajia aliyekubali kuwatunza wenzake. Miaka ishirini, tabia ile ile.

4. Storm

Ororo Munroe, mama yake N'Daré, Mkenya. Baba yake mpiga picha wa Kimarekani. Mwenyewe akalelewa Cairo. Len Wein na Dave Cockrum walimleta mwaka 1975 katika Giant-Size X-Men, na tangu hapo Afrika Mashariki tuna mtu wetu anayeamrisha mvua. Wa Mombasa wanamdai kuwa wao. Wa Unguja wanasema upepo si mali ya Mombasa. Wa Muscat tunawaacha wagombane, tunamchagua.

Kinachomweka juu ya wapiganaji wote ni kwamba nguvu yake inawafikia waliomzunguka. Ana hali mbili za hewa na anabadilisha moja kwenda nyingine kila anapotaka: moja inawaongezea wenzake mbio, ya pili inawaongezea ukali wa mapigo. Kwenye timu yetu tumeziita kaskazi na kusi, na mwenye mababu waliopanda jahazi haelezwi zaidi. Timu ikitoka lango la mwanzo, mtu anapiga ukelele “Kaskazi!” na wote sita wanakwenda mbio kwenye uwanja wa mapambano. Mkifika, “Kusi!”, na risasi za kila mmoja zinauma zaidi. Pigo lake la upepo nalo linapenya, likimpata wa mbele linaendelea kwa wa nyuma, kwa hiyo hata ukikosea kidogo kuna mtu kaumia.

Pigo lake kubwa ni tufani: anageuka kimbunga na kuwavuta walio karibu. Wa Muscat wanaokumbuka Gonu ya 2007 na Shaheen ya 2021 hawahitaji kuelezwa kimbunga ni nini. Mlio ule ukianza, waliosimama karibu naye wamechelewa.

3. Cloak na Dagger

Wawili katika nafasi ya mtu mmoja: Tyrone Johnson wa giza na Tandy Bowen wa nuru, wamo kwenye vitabu vya Marvel tangu 1982. Unambonyeza huyu anakuja, unambonyeza yule anakuja. Kwetu lulu ni Dagger. Visu vyake vya nuru vinamtafuta mwenzako vyenyewe. Unarusha upande wake na kisu kinapinda kumfuata. Mganga wa Unguja ambaye intaneti yake inasuasua, picha zinaruka kama mkanda wa zamani, bado anamtibu mbeba ngao wetu bila ya shida.

Mkibanwa, Dagger anashusha kuba la nuru na walio ndani yake wanapata afya. Mkitaka kukimbia, Cloak anawafunika wote mkatoweka kwa muda mfupi, mkatokea pembeni mko salama. Siku moja sote sita tulitoweka hivyo mbele ya timu iliyokuwa na uhakika wa ushindi. Mpaka leo natamani ningewasikia walivyokuwa wakiulizana.

2. Groot

Mti unaotembea, na fundi mwashi bora kuliko wote. Groot anajenga kuta za mbao, na ukuta hauhitaji shabaha. Umeuweka, umesimama, seva inajua upo, na pingi haina la kusema. Ukuta wa miiba unamshambulia adui anayekaribia; ukuta wa mti mgumu unampa Groot uhai wa ziada wenzake wakipigana karibu nao. Mbeba ngao wa Muscat ambaye hajajifunza Groot hajaanza.

Ana adabu zake, lakini. Usijenge kabla ya kutazama nyuma. Ukuta uliomwacha mganga wako upande wa maadui umefanya kazi ya maadui, na utayasikia utakayoyasikia kwa lahaja zote za pwani kwa wakati mmoja.

“Groot, nifungulie!”

“Subiri, unaanguka wenyewe.”

“Nitaanguka mimi kwanza!”

1. Rocket Raccoon

Najua. Mmengoja mungu, mchawi au mfalme, na mmeletewa mnyama mdogo mwenye bunduki. Tulieni nieleze.

Bunduki yake ina upande wa kutibu: inatoa mipira ya nuru inayodunda kwenye kuta na kuelea polepole, ikimponya kila mwenzake inayempitia. Unasimama pembeni, unaielekeza kwenye kundi, mipira inafanya kazi. Mwenyewe ni mdogo, anapanda kuta, anachomoka mbio akiona hatari. Mama mtu mzima ambaye hajawahi kugusa mchezo anaweza kuishika kazi hii usiku wa kwanza na timu ikamshukuru.

Lakini kilichompa nafasi ya kwanza ni kile kitu anachokitega chini na kukificha nyuma ya ukuta: mtambo wa kufufua. Mwenzenu akifa, mtambo unamrudisha pale pale ulipotegwa, na kabla ya mwendo mrefu wa kutoka lango la mwanzo keshaingia tena vitani. Baadaye unahitaji muda kabla ya kutumika tena. Sasa fikiria timu yetu tunavyokufa. Sehemu kubwa ya vifo vyetu hatukuzidiwa akili wala mkono. Mtu ameganda sekunde moja na nusu, picha iliporudi keshalala. Karibu mashujaa wengine wote waliotoka naye wanakupa pole. Rocket anakurudishia uhai ulioporwa na waya.

Mchezo ulipotoka, Rocket aliweza pia kupanda mabegani mwa Groot na kupungukiwa na kipigo akiwa pale juu. Wa pili akimbeba wa kwanza: mti unajenga, mnyama anatibu, na nyuma ya ukuta mtambo unangoja atakayeanguka. Nguvu hizi hurekebishwa msimu hadi msimu, zinaongezwa na kupunguzwa, ila kazi ya kila mmoja inabaki ile ile, na sijaona mpangilio uliotupa Alhamisi nzuri kuliko huo.

Kwa hiyo wewe unayesoma ukiwa Seeb, Ruwi, Kiembe Samaki au Likoni: Alhamisi ijayo, kabla hujabonyeza shujaa, uliza kwanza nani mganga. Wakinyamaza wote, chukua Rocket, utege mtambo nyuma ya ukuta, na umwambie mwenye Hawkeye akae karibu nao.