Tiketi Dola Kumi, Fre Pembeni

Bei ya Goma ikiandikwa kwenye bango, hiyo ni salamu tu. Maongezi yenyewe huja baadaye. Bango la tamasha alilonitumia mpwa wangu kwenye simu lilisema: kawaida dola 10, VIP dola 25, VVIP dola 50. Nikamuuliza hao VVIP wanapata nini.

“Kiti chenye kitambaa, Mujomba.”

Na VIP?

“Kiti.”

Na kawaida? Akanyamaza kidogo, kisha akanieleza kwamba muziki husikika vizuri zaidi mtu akiwa amesimama.

Nikakubali kumlipia kusimama. Tiketi ziliuzwa kwa simu tu: unatuma pesa kwenye namba iliyo chini ya bango, unaletewa ujumbe wenye tarakimu, basi. Nikatuma dola 10. Tarakimu hazikuja. Lilikuja swali: “Papa, na fre ya kutoa iko wapi?”

Anayeishi hapa haulizi maana yake: fre ni ada. Mtumaji hukatwa anapotuma, mpokeaji naye hukatwa anapokwenda kutoa, na desturi inataka anayetuma aongeze na ya kutolea. Kati ya ndugu hiyo ni adabu. Ukimtumia mama yako aliyeko Masisi dola tano zikamfikia nne na nusu, utazisikia hizo senti hamsini kwenye kila msiba hadi mwakani. Lakini mimi na mwandaaji wa tamasha hatuna undugu. Sijawahi kununua sukari dukani kisha nikamlipa mwenye duka nauli ya kupeleka hela yake nyumbani.

Nikatuma fre. Kumbe bado. Kulikuwa na dola 1 ya kuhifadhi nafasi, ambayo bango halikuitaja kwa sababu, nadhani, nafasi yote ilikuwa imekwisha kwa picha ya mwimbaji. Safari hii nikapiga simu.

“Mnahifadhi nafasi gani? Mtoto atasimama!”

“Ndiyo, Papa,” kijana akajibu kwa upole kabisa. “Tunamuhifadhia pahali pa kusimama.”

Nilitaka kumuuliza kama asiyehifadhi hulazimika kuinama muda wote, lakini dakika za simu nazo zina bei yake.

Salio likawa limekwisha, nikashuka hadi kwenye kabini, kibanda cha pesa za simu, karibu na rond-point Signers nikiwa na noti ya dola kumi. Dada wa kabini hakuigusa kwanza. Alimwita kambisti, mbadilisha fedha wa meza ya jirani, naye akaiinua kuelekea jua kama daktari anayesoma picha ya mapafu. Hukumu ikatoka: imepasuka. Palikuwa na kijichaniko pembezoni ambacho bila miwani sikukiona. “Nakupa tisa, Papa.” Wamarekani, wenye noti yao, humbadilishia mtu hata noti iliyoharibika mradi zaidi ya nusu yake ipo. Goma haitaki hata kona iliyokunjwa. Na aliyechapwa kwenye noti ya kumi ni Alexander Hamilton, waziri wa kwanza wa fedha wa nchi yao. Nilidhani sura yake peke yake ingetosha kuwa dhamana. Kambisti akaniambia huyo mzungu hamjui, yeye anajua wateja wake.

Simlaumu sana. Benki zilipofungwa mwishoni mwa Januari 2025, waasi wa M23 walipoingia mjini, noti zetu zilikosa pa kwenda kupumzikia. Zamani faranga chakavu ilirudi benki ikatoka mpya. Sasa zikawa zinazeekea mifukoni, kutoka Birere hadi soko la Virunga na kurudi, zikiunganishwa kwa gundi mpaka nazo zikaanza kukataliwa. Mishahara ya wengi ikahamia kwenye simu, na kuitoa humo ni gharama nyingine: juu ya ada ya kampuni kuna ya mwenye kabini, maana keshi ni adimu naye ameihangaikia anakokujua mwenyewe. Mtu analipa ili apewe kilicho chake, anashukuru, na anaambiwa arudi kesho kwa kilichobaki.

Nikisubiri ujumbe uingie, nikamsimulia yule dada habari za wenzetu wa mbali. Machi 2023 kundi la The Cure la Uingereza lilitangaza maonyesho Marekani kwa bei nafuu, na waliopata tiketi za dola 20 wakakuta ada zimeipita tiketi yenyewe. Robert Smith, mwimbaji wao, akalalamika hadharani, na Ticketmaster, kampuni iliyoziuza, ikakubali kurudisha dola 10 kwa kila tiketi ya bei ya chini kabisa na dola 5 kwa nyinginezo. Na tangu Mei 2025 iko kanuni ya serikali huko: bei anayoonyeshwa mnunuzi wa tiketi tangu mwanzo iwe na ada zote za lazima ndani yake.

Dada aliacha kuhesabu. “Walirudishiwa?”

“Walirudishiwa.”

“Na fre ya kuwarudishia alilipa nani?”

Sikuwa na jibu, na bado sina.

Goma hii hii imewahi kuimba kwa bei inayoeleweka. Tamasha la Amani lilipofanyika mara ya kwanza, Februari 2014, baada ya kuahirishwa mwaka wa nyuma kwa sababu ya vita, kiingilio pale Collège Mwanga kilikuwa dola 1 kwa siku, na kazi nyingi ilifanywa na watu wa kujitolea. Wakati ule dola ilikuwa faranga mia tisa na ushee. Nilimtuma kijana wa jirani aninunulie tiketi, nikampa elfu moja. Chenji haikurudi, na kuidai mbele ya watu ni aibu. Kwa hiyo hata mwaka ule ada ya ziada nililipa, ila niliyemlipa nilimwona kwa macho, nikamtuma maji siku nyingi baadaye bila malipo.

Mpwa wangu alikwenda kwenye tamasha lake. Mlangoni, alivyonieleza, mtandao uligoma, tarakimu zikawa hazisomeki, na wenye simu wakaambiwa walete karatasi. Kwa bahati ambayo siamini ni bahati, hatua chache kutoka hapo alikuwepo kijana mwenye mashine ya kuchapia, faranga 500 kila tiketi. Bango lilisema saa nane mchana. Mwimbaji alitokea jua likiwa linaelekea kuzama upande wa Sake, akaimba juu ya sauti yake mwenyewe iliyorekodiwa. Watu wa VVIP, waliolipia viti vyenye vitambaa, walikuwa wamepanda juu ya viti hivyo ili waone. Mtoto alirudi sauti imemkauka, anacheka, ameoga vumbi la lava toka kichwani hadi kwenye viatu, akasema ilikuwa nzuri kupita kiasi.

“Lakini Mujomba, motari iko inje. Sina kitu tena.”

Nikatoka na faranga elfu tatu, bei waliyopatana. Motari, mwenye pikipiki aliyemleta, akazihesabu, akaikagua kila moja, akabaki amenyoosha mkono. Anadai elfu tano. Nikamwambia mtoto amenieleza vizuri, ni elfu tatu.

“Tatu ni ya njia, Papa,” akasema. “Mbili ni ya kuningojesha mukitafuta pesa.”