Msondo Haukai Jedwalini

Kijana anayesoma kompyuta chuoni hamwachi mzee na vumbi lake. Mpwa wangu alipoona kaseti, santuri na sidii zangu zikigombea kabati na sufuria za mama watoto, akaamua kunitengenezea kanzidata.

"Mjomba, jedwali moja linatosha. Safu ya wimbo, ya mwimbaji, ya bendi na ya mwaka. Basi."

Basi! Nikampa kaseti iliyokuwa juu: ya dakika 60, nusu saa kila upande, iliyorekodiwa enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam kwa kuweka kinasa sauti mbele ya redio na kuwanyamazisha watu wote nyumbani. Kwenye lebo kulikuwa na neno "Kaswida" limekatwa, chini yake "Mchanganyiko", na chini kabisa, kwa wino mwekundu, "USIFUTE!!" Tukaipiga. Wimbo wa kwanza ulianzia katikati, maana mtangazaji alikuwa hajamaliza kusoma salamu. Wa mwisho ulikatika upande A na kumalizikia upande B.

"Hizi ni nyimbo mbili?" akauliza. Kabla sijajibu, jogoo wa jirani, marehemu siku nyingi, akawika ndani ya kaseti.

"Na huyu?"

"Mweke kwa waimbaji. Hakukosa hata rekodi moja."

Tukaja kwenye bendi. Kaseti moja NUTA Jazz, nyingine JUWATA Jazz, ya tatu OTTU Jazz, ya nne Msondo Ngoma. Kijana akajumlisha: bendi nne. Nikamwambia ni moja tu. Ilizaliwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na kila chama kilipobadili jina, bendi nayo ikabadili. Akafuta. Kisha akauliza Muhidin Maalim Gurumo amwandike bendi gani.

"Mwaka gani?" nikamuuliza. Gurumo aliimba NUTA, akaenda Mlimani Park, akaenda Orchestra Safari Sound, kisha akarudi Msondo. Nilipoongeza kwamba Hassan Bitchuka naye alikuwa na safari zake, kijana akavua miwani akajifuta uso.

Kesho yake alirudi na habari za Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi IBM huko Marekani, ambaye mwaka 1970 aliandika kwamba data ipangwe katika majedwali yanayohusiana. Basi tukawa na jedwali la nyimbo, la watu, la bendi, na jingine la kuunganisha tu: nani alikuwa bendi gani, tangu lini hadi lini. Hilo nililiita jedwali la wahamaji. Kila bendi ilipewa namba isiyobadilika. Majina yakawa kama kanzu, yanavaliwa na kuvuliwa, mwenyewe ni yuleyule. Ukiandika "Gurumo", nyimbo zake zinatoka zote, za bendi zote, bila ugomvi. Mama watoto akaja kuchungulia, akauliza kama programu hiyo inaweza kuonyesha sufuria yake kubwa ilipo.

Swali hilo ndilo lililozaa safu ya "Ilipo". Tukaanza kujaza: kabatini, kabatini, kwa shemeji, kwa jirani tangu arusi ya bintiye, kwa shemeji, kwa shemeji. Mpwa akaona hapana, hili nalo linataka jedwali lake: aliyeazima, tarehe ya kuchukua, tarehe ya kurudisha. Safu mbili za mwanzo zilijaa vizuri. Ya tatu iko wazi kama uwanja wa mpira siku ya mvua.

Orodha ikachapishwa, ikabandikwa kwenye mlango wa kabati. Jumapili shemeji akaja. Zamani alikuwa akiazima kwa kubahatisha, anapekua na kukata tamaa. Safari hii alisimama mbele ya karatasi, akaisoma kwa kidole tangu juu hadi chini.

"Shemeji, hapa mmefanya jambo la maana sana. Nipe namba 14, namba 32, na zote za Marijani Rajab."

Mpwa akaandika. Programu ikakubali.