Babu Klachi Anakujibu: Tochi Imenimulika Tena!

*Shikamoo Babu Klachi. Nina IST. Mwezi huu nimepigwa tochi mara tatu kati ya Misungwi na Usagara, deni limefika elfu tisini, na bima nayo inaelekea kuisha. Nifanyeje? – Mwenye IST, Misungwi.*

Marahaba, mjukuu wangu. Umegonga mlango wenyewe. Barabara hii ya Shinyanga inanijua kwa jina, kwa sauti, na zaidi kwa harufu. Enzi zangu za Fuso la dagaa, trafiki walikuwa wananipungia mkono nipite nikiwa bado mbali. Mzigo ulikuwa umeshatangulia kuwasalimia puani. Nyie wa siku hizi mnapuliza manukato ndani ya gari, halafu mnashangaa mnasimamishwa.

Tuje kwenye tochi. Kile kibao cha duara jekundu chenye 50 si namba ya nyumba ya mtu. Na usikanyage mafuta kwa kuwa umekiona kwa mbali kile kingine cha kumaliza 50: tochi hukaa hapo katikati, kivulini, haina haraka. Wala usitegemee wenzako wakuwashie taa. Dawa yangu ni moja: mkalishe mama mkwe kiti cha mbele. Sijaona Msukuma aliyefika 51 huku mkwewe ameshika mkoba magotini.

Haraka yenyewe ya nini? Zamani pale Kigongo tulisubiri kivuko mpaka mihogo ya kuchoma ikatuchosha. Humo foleni ndimo nilimotoa wazo la daraja, kwa sauti, mashahidi wapo. Juni 2025 likafunguliwa, Daraja la J.P. Magufuli, kilomita 3 mpaka Busisi, na jina langu halipo hata kwenye nguzo moja. Sasa mnavuka kwa dakika chache, na dakika mlizookoa mnakwenda kumlipa askari.

Faini ya gari ni 30,000 kwa kosa. Pikipiki na bajaji walipunguziwa hadi 10,000 mwaka 2021, ndiyo maana kuna msomaji aliniuliza kama IST ikitolewa gurudumu moja inahesabika bajaji. Hapana. Inahesabika IST iliyolala.

Lipa kwa simu, kwa ile kumbukumbu namba uliyopewa; noti usimwekee mtu kiganjani. Ukichelewa, deni linanenepa. Ila ujue kwamba faini ya papo hapo ni ya anayekiri kosa. Kama una hakika hukukimbia, usikiri, omba upelekwe mahakamani, na uende na ushahidi, si machozi. Mimi niliwahi kumsindikiza rafiki yangu kwenye kesi kama hiyo. Nilimtetea kwa ufasaha mpaka hakimu akauliza mshtakiwa ni yupi kati yetu. Rafiki alilipa faini. Lakini karani alinisifu sana.

Bima. Bima ndogo ya gari dogo la binafsi ni kama laki moja, ongeza VAT. Hiyo inamlipa uliyemgonga. IST yako ikibonyea, utaitazama tu na kuipa pole. Bima kubwa hukokotolewa kwa thamani ya gari, kwa kawaida asilimia 3.5, kwa hiyo gari la milioni 10 ni laki tatu na nusu kabla ya VAT. Ukishakata, hakiki stika kwenye mfumo wa TIRA, wale wasimamizi wa bima, maana kuna karatasi zinang'aa vizuri na hazina bima ndani. Mimi Fuso langu halikuhitaji bima kubwa. Nani angeliiba lile?

Basi, sato wangu ameanza kuungua jikoni, tufupishe: lipa elfu tisini, kata bima kabla haijaisha, 50 iwe 50, mkwe akae mbele.

Na wewe wa Buhongwa uliyeuliza kwa siri kama mkeo anaweza kuliona deni lako: anaweza. Akiingiza namba ya gari kwenye mfumo wa polisi anaona kosa, tarehe, na mahali ulipokamatwa. Ulimwambia ulikuwa wapi siku hiyo? Pole sana, mjukuu wangu. Kwa hilo, hata mimi sina dawa.