Uainishaji wa Awali wa Molekuli Zipatikanazo Tunduru

Tembo wapitao kati ya Selous na Niassa wameshafanyiwa utafiti, na madalali wa mawe wana daraja la kila punje ya yakuti itokayo Muhuwesi. Molekuli za madarasani, ambazo ni nyingi kuliko tembo na hupotea upesi kuliko yakuti, bado hazijapata msomi wa kuzipanga. Makala haya yanaziba pengo hilo kwa wilaya ya Tunduru peke yake, ingawa mtafiti anashuku kwamba spishi hizi zimeenea hadi Masasi na ng'ambo ya Ruvuma.

Jamii ya kwanza ni Molekuli Ubaoni. Ni bapa. Metheni yake ina mikono minne iliyopishana kwa nyuzi 90, ilhali metheni ya kweli hupendelea 109.5. Huishi kwa chaki na hufa kipindi cha Jiografia kikiingia. Ndugu yake, Molekuli Daftari, ni ileile iliyonakiliwa vibaya. Kwa kuwa mtihani huwatambua wote wawili, hawako hatarini kutoweka.

Jamii ya pili, Molekuli Mabibo, huonekana msimu wa korosho tu. Mwalimu asiye na vifaa hulifanya bibo kuwa kaboni, ndimu kuwa haidrojeni na vijiti kuwa bondi. Hapo ndipo mwanafunzi anapoona kwa mara ya kwanza kuwa metheni ina mbele, nyuma na juu. Kasoro yake ni moja: baada ya siku chache kaboni huanza kuchachuka, na mfano wa metheni ukatengeneza ethanoli halisi. Vielelezo vingine vya kemia havina bidii hiyo.

Jamii ya tatu, Molekuli Skrini, ndiyo inayochanganywa zaidi. Iliingia kupitia mlango ambao maabara iliuacha wazi. Mwaka 2012 Rais Kikwete aliagiza kila shule ya kata ijengewe maabara tatu. Kwingi kuta zilitangulia, bureti na kemikali zikafuata kwa mwendo wao. Kompyuta moja yenye programu ya bure ikaonekana jawabu. Lakini ndani ya kompyuta hiyohiyo huishi spishi kadhaa.

Mzungukaji huzunguka. Ana rangi za kupendeza, darasa hushangilia, kengele hulia.

Chemchemi hupatikana kwenye programu kama Avogadro, ambayo ikishasakinishwa haidai intaneti. Atomi zake ni mipira, bondi zake ni springi. Ukibonyeza, molekuli hujinyoosha hadi itulie. Inajua umbo kuliko mwalimu, lakini elektroni haijawahi kuzisikia, hivyo kwa kawaida bondi zake hazikatiki hata uichochee vipi.

Mhesabiwa ni wa ukoo wa kifalme. Hutokana na mlinganyo wa Schrödinger wa 1926, ambao John Pople aliutengenezea programu za kutumiwa na wanakemia wa kawaida, akapata Nobel mwaka 1998 pamoja na Walter Kohn. Chakula chake ni umeme. Kwa mbinu yake inayotukuzwa kuliko zote, CCSD(T), ukiikuza molekuli maradufu kazi huongezeka takriban mara 128. Ndiyo maana kwenye kompyuta ya shule huonekana akiwa maji au metheni tu.

Mpikwa hufanana na Mhesabiwa kwa kila kitu isipokuwa ukweli. Asili yake ni maabara ya kawaida, ambako taitresheni tatu hukubaliana kupita kiasi kwa sababu mbili zimepikwa. Kwenye kompyuta hupikwa bila hila yoyote. Oksijeni tuivutayo ina elektroni mbili zisizo na wenzi. Mwanafunzi akiiagiza programu izifungishe ndoa, itatii, na kuleta nishati yenye desimali nane, isiyo ya oksijeni hiyo. Wakaguzi huzipenda sana desimali.

Kipimo cha kutenganisha spishi hizi kinapatikana bure Tunduru: mafuta ya ganda la korosho. Kila mtoto aliyewahi kubangua korosho ameshakutana na asidi ya anakadi kwenye vidole vyake. Kichwa chake ni asidi ya salisiliki, mkia wake kaboni 15. Ikipashwa moto huachia kabonidioksaidi na kubaki kadanoli. Chemchemi ataonyesha mkia ukijikunja, basi. Mhesabiwa, ukimkatia mkia (wasomi wakubwa hufanya hivyohivyo, wakaita kurahisisha), anaweza kukokotoa kama kuachia gesi hiyo kunadai nishati au kunaitoa. Sharti ni mwanafunzi aandike ubashiri wake kwa wino kabla ya kubonyeza. Asipobashiri, mtafiti anamsajili mnyama huyo kuwa Mzungukaji, hata kama amekokotolewa kwa kompyuta kuu ya Ulaya.

Kimebaki kielelezo kimoja kilichokataa kuainishwa: aleksandriti, jiwe la kijani juani na jekundu chini ya balbu ya zamani, kwa hisani ya kromiamu kidogo. Madalali wa Tunduru hulifanyia jaribio hili mbele ya mnunuzi, na wanajua tochi nyeupe ya LED huharibu bei. Kukokotoa fuwele kama hilo kunahitaji mbinu zinazofundishwa kwenye mafunzo ya Kiafrika ya ASESMA, ambayo mwaka 2012 yalifanyika Eldoret. Kompyuta ya shule ya kata itapata joto tu. Isitoshe, aleksandriti si molekuli: atomi zake zimeshikana mfululizo mpaka ukingo wa jiwe. Limeandikishwa kwa muda kama mgeni mwenye kibali cha kuishi.