Shangazi wa Gereji: Cheti Kinang'aa, Gari Linakohoa

Wiki hii kikapu cha barua kimejaa wachumba. Si watu, ni Harrier, RAV4, Premio na Vitz moja yenye kovu. Kila mwandishi ameambatisha cheti kinachosifu tabia ya mchumba wake, na kila mmoja anataka Shangazi aseme ndoa ifungwe kesho. Nitawajibu kwa zamu. Mwenye haraka ya kulipa asome mpaka mwisho kwanza, kisha ndiyo aifungue hiyo benki ya kwenye simu.

*

Shangazi, shikamoo. Nimeonyeshwa Harrier ya mwaka 2008 kwenye yadi moja hapa Dar es Salaam. Ina kilomita 62,000 tu, na karatasi ya mnada ya Japani imeipa daraja la 4.5. Muuzaji amenitumia picha ya karatasi hiyo kwa WhatsApp. Kila nikiitazama moyo unanidunda. Nilipe?
Mpenda Nyeupe, Tabata

Marahaba, mpwa wangu. Moyo wako ni mzima, tatizo ni hesabu. Gari la 2008 lenye kilomita 62,000 limetembea chini ya kilomita 4,000 kwa mwaka. Najua yupo bibi wa Kijapani anayetoa gari Jumamosi tu kwenda sokoni. Ila bibi huyo mmoja hawezi kuwa ndiye aliyemiliki kila gari lililopangwa kwenye yadi za mji huu.

Karatasi ya mnada ni kitu cha maana, nisikudanganye. Huandikwa na mkaguzi wa nyumba ya mnada, wala si na muuzaji. Daraja la 5 na la 6 ni gari linalokaribia upya, 4 na 4.5 ni zuri, 3.5 lina alama za matumizi, na R au RA ni lile lililowahi kuumia kwenye mifupa likatengenezwa. Pembeni kuna mchoro wa bodi wenye herufi: A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni mahali mkono wa fundi bodi umepita, na XX ni kipande kilichobadilishwa. Ukijua kuisoma, mchoro huo unakueleza mengi kuliko lile daraja kubwa la juu analokuonyesha dalali kwa kidole.

Sasa sikiliza ambayo haisemi. Kwanza, herufi R hutolewa pale mifupa ya gari ilipoguswa. Mlango, boneti au madigadi yaliyofungwa kwa bolti yanaweza kubadilishwa yote na gari lisiitwe la ajali. Pili, mkaguzi ana dakika chache kwa kila gari na foleni ndefu inamngoja. Halipeleki Morogoro na kurudi, kwa hiyo giaboksi inayoteleza ikishapata moto hataiona. Tatu, karatasi ni ya siku moja. Gari linaweza kuingia mnadani na R, likanunuliwa, likanyooshwa, kisha likarudi kwenye mnada mwingine likiwa limepaka uturi. Utaonyeshwa karatasi ipi? Jibu unalo.

Nne, wewe huna karatasi, una picha. Mtu mwenye kompyuta na jioni moja isiyo na kazi anaweza kugeuza 162,000 kuwa 62,000 kwa kufuta tarakimu moja tu. Kwa hiyo chukua namba ya chesisi kutoka kwenye chuma chenyewe, si kutoka kwa muuzaji, ukanunue nakala yako kwenye huduma zinazotafuta rekodi za minada. Gharama yake ni ndogo kuliko matairi mawili. Halafu omba cheti cha Japani cha kusafirishia gari nje. Kule gari dogo la abiria hukaguliwa kwa mujibu wa sheria likifika miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na kilomita husomwa. Cheti hicho huwa na kilomita za ukaguzi huo na tarehe yake. Kikisema 140,000 mwaka 2021 na dashibodi leo inasema 62,000, basi gari limekuwa likirudi kinyumenyume kutoka Yokohama.

Mwisho, fungua mlango wa dereva utazame kwenye nguzo, kisha chini ya boneti. Gereji za Japani hubandika stika ya kubadilisha oili yenye tarehe na kilomita. Warudisha kilomita wengi husahau kuibandua, kwa kuwa hawasomi Kijapani. Tarakimu lakini ni zile zile za darasa la kwanza.

*

Shangazi, mimi na mume wangu tuko Columbus, Ohio. Tumepata Honda kwa bei nzuri mno. Ripoti ya Carfax haina ajali hata moja. Mimi nataka fundi aikague, mume wangu anasema Marekani si Kariakoo, huku kompyuta inajua kila kitu.
Mke wa Kompyuta

Mwambie mkwe wangu kwamba kompyuta inajua ilichoambiwa. Carfax ilianza mwaka 1984 na hukusanya habari kutoka ofisi za usajili za majimbo, kampuni za bima, polisi, gereji na wauza magari. Ni ukoo mkubwa wa wambea, na mara nyingi wanasema kweli. Lakini kijana akiparamia nguzo saa nane usiku, asiite polisi, asidai bima, akamlipa fundi taslimu, wambea wote wamelala. Ripoti itakuwa nyeupe na fremu imepinda. Hata kampuni yenyewe huwaeleza wateja wake kwamba haina kila tukio, na huwashauri wapeleke gari kwa fundi kabla ya kununua. Mkwe huyo hakufika kwenye maneno hayo kwa sababu yameandikwa kwa herufi ndogo.

Liko pia suala la majimbo. Gari likiharibika hadi bima ikalifuta, hati yake ya umiliki hupigwa alama. Wajanja hulihamishia jimbo lenye kanuni tofauti, hati mpya ikatoka bila ile alama. Baada ya kimbunga Katrina mwaka 2005, magari yaliyokuwa yamezama New Orleans na jirani zake yalionekana yakiuzwa mbali kabisa na maji hayo, yakiwa yameoshwa na kukaushwa. Dhidi ya ujanja huo wa hati, Marekani ina mfumo wa taifa wa kumbukumbu za hati za magari, NMVTIS, uliotokana na sheria ya 1992 na kufunguliwa kwa wanunuzi mwaka 2009. Bima na yadi za vyuma chakavu zinalazimika kisheria kupeleka habari humo, na ripoti yake ni ya dola chache. Ongeza huduma ya bure ya NICB inayoonyesha gari lililoibwa au kufutwa na bima, na ile ya NHTSA ya kujua kama gari limeitwa na kiwanda kurekebishwa na mwenyewe hakulipeleka.

Vyote hivyo vikiwa safi, ndiyo kwanza unalipeleka gari kwa fundi, na fundi huyo awe umemchagua wewe. Kuhusu bei nzuri mno: muulize mume wako, kama kompyuta inajua kila kitu, kwa nini muuzaji peke yake ndiye anayeona gari hilo lina thamani ndogo?

*

Jambo sana, Shangazi. Ninaandika kutoka Lubumbashi. Kuna RAV4 yenye usukani wa kushoto, imetoka Dubai ikapitia bandari ya Dar es Salaam. Papiye zote ni mpya kabisa. Mwenye kuuza anasema gari la Dubai halina historia mbaya kwa sababu kule barabara ni nzuri.
Papa wa Watoto Watano

Karibu sana, Papa. Barabara za Dubai ni nzuri kweli, lakini si lazima gari lako liwe lilizaliwa huko. Soma namba ya chesisi. Ikiwa na tarakimu na herufi 17, na ya kwanza ni 1, 4 au 5, limeundwa Marekani, ikiwa ni 2, Kanada, 3, Meksiko. Magari mengi yaliyofutwa na bima Amerika Kaskazini huuzwa kwa mnada, yakapakiwa kwenye makontena, yakanyooshwa Sharjah na kuuzwa tena yakiwa na papiye mpya. Mpya ni karatasi, Papa. Chuma ni kile kile.

Hapa ndipo ripoti ya Marekani inapokusaidia kuliko inavyomsaidia mpwa wangu wa Ohio, kwa kuwa unayemtafuta ni mgonjwa ambaye tayari ana faili. Iandike namba hiyo nzima kwenye intaneti pia. Picha za minada hubaki huko miaka mingi, na unaweza kumwona mchumba wako akiwa hana uso, mifuko ya hewa ikining'inia. Ila huduma hizo hazikusaidii kwa gari lililouzwa Japani, maana la Japani hubeba namba fupi, kwa mfano inayoanza na NCP au ACU, ambayo mifumo ya Marekani haiitambui. Mtu akikuuzia Carfax ya gari la namna hiyo, amekuuzia karatasi ya kufungia karanga.

Usisahau maji. Tarehe 16 Aprili 2024 Falme za Kiarabu zilipata mvua kubwa kuliko zote tangu rekodi zianze mwaka 1949, na magari mengi yalizama Dubai na Sharjah. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho wake utafute mstari wa tope. Inua zulia la buti mahali linapokaa tairi la akiba. Chungulia bolti za chini ya viti, kwa sababu kutu haina sababu ya kukaa pale. Na gari likinukia manukato kama bwana harusi, uliza linaficha harufu gani.

*

Shangazi, mimi ni wa Nairobi. Nimetafuta Premio kwenye mfumo wa NTSA, jina la muuzaji ndilo lililopo kwenye logbook. Si nimemaliza?
Mwenye Haraka, Kayole

Umemaliza nusu. Rekodi hiyo inakueleza gari ni la nani, haikuelezi limepitia nini. Angalia pia kama limewekwa rehani: tangu sheria ya 2017 ya dhamana za mali zinazohamishika, Kenya ina sajili ambamo mkopeshaji huandika dai lake. Ajali za Thika Road na kilomita zilizopunguzwa hazimo kokote katika rekodi hizo.

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza, na hukaguliwa kabla ya kupakiwa melini. Ni vizuri, lakini ukaguzi huo ni wa siku lile gari lilipoondoka Japani. Tangu lishuke Mombasa limekuwa mikononi mwetu, na sisi hatuandiki. Makanika wa kando ya barabara hatumi taarifa serikalini, wala fundi wa chini ya mwembe Tanzania hafanyi hivyo. Kadi ya gari ya TRA nayo haina safu ya "liligongana na lori Chalinze." Kwa hiyo gari lililotumika hapa nchini likija na historia safi, ujue historia hiyo imeishia bandarini. Mpeleke makanika wako.

*

Shangazi, mimi nauza. Vitz yangu iligongwa nyuma, bima kubwa ikalipa, nikabadilishiwa bampa na mlango wa buti. Nawaambia wateja ukweli na kuwaonyesha risiti, wanakimbia. Jirani yangu amepiga puti na rangi, akanyamaza, kauza kwa siku moja.
Mkweli Mwenye Gari Bado, Mwanza

Pole, mpwa. Wateja wako wanadhani gari lenye ajali iliyoandikwa ni baya na lisiloandikwa ni zuri, kumbe kosa la ripoti huenda pande zote mbili. Neno "ajali" linaweka bampa lililopasuka na fremu iliyokunjika kwenye chungu kimoja. Weka picha za kabla na baada, risiti za vipuri na jina la gereji, kisha mruhusu mteja aje na sumaku apitishe bodi nzima. Penye puti nene sumaku haishiki. Punguza bei kidogo kwa sababu ya kovu, ila usiiuze kwa bei ya kilema. Wanunuzi nao wasikie: kovu mnaloonyeshwa ni nafuu kuliko lile mtakalolikuta wenyewe. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Sisi wa gereji tunaongeza: ukiona vyang'aa, vimepigwa rangi.

*

Shangazi unatuharibia biashara. Wateja siku hizi wanakuja na sumaku, wanavuta mikanda, wanasoma stika. Sisi tuna watoto.
Dalali Mwenye Hasira

Ndugu yangu dalali, na hao wateja wana watoto, tena ndio watakaokaa kiti cha nyuma. Gari likiwa zima, sumaku haitalidhuru. Wewe mwenyewe mwite fundi wa mteja, mpe soda, na shimo la gereji uligharamie. Utauza haraka kuliko yeyote hapo kijiweni.

*

Nafasi inakwisha, nahitimisha kwa wote. Ripoti ya gari huandika kilichoonekana na mtu aliyekuwa na sababu ya kukiandika. Ubaya uliomo humo mara nyingi ni wa kweli, kwa kuwa hakuna anayelipwa kuuzua. Usafi uliomo unaweza kuwa ukweli, na unaweza kuwa ukimya tu. Itumieni kukataa, msiitumie kukubali. Anzeni na karatasi kwa kuwa ni rahisi na haraka, ziwaondolee wachumba wabaya kabla hamjapoteza nauli. Anayebaki apande shimoni, apimwe kwa mashine, aendeshwe mpaka injini ipate moto, asubuhi awashwe akiwa wa baridi.

Karatasi ikisema gari ni baya, iamini uondoke. Ikisema ni zuri, mwite fundi.