Bisibisi Kabla ya Lawama

Mtu akianguka na ubao wa theluji, lawama huenda kwa zamu: kwanza theluji, kisha ubao, kisha yule aliyemshawishi kupanda mlima. Vifungio vinavyoshika buti zake havitajwi, ingawa kila agizo la mguu hupitia humo kabla ya kuufikia ubao. Snurfer, ubao aliobuni Sherman Poppen huko Michigan mwaka 1965, haukuwa na vifungio. Mtu alisimama juu yake akishika kamba iliyotoka ncha ya mbele, na akibwagwa alikuwa na haki ya kulalamika. Leo haki hiyo imepungua, maana makosa mengi yanarekebishika kwa bisibisi. Tazama buti lililokaa mbele mno. Mtu akiegemea upande wa vidole, ncha ya buti inakwangua theluji, inanyanyua ubao, makali yanaachia, naye anatua kifudifudi huku akiilaani barafu. Kumbe angelegeza skrubu za kisahani cha katikati, akasogeza kifungio nyuma kidogo hadi vidole na kisigino vichomoze karibu sawa, yangekwisha.

Wapo wanaosema dawa ni kukaza mikanda tu. Mkanda ukizidi kukazwa mguu unakufa ganzi, na mguu wenye ganzi utaongoza nini? Afadhali kuangalia kama kisigino kimekaa hadi mwisho. Mara nyingi kinachokizuia ni bonge la theluji lililogandamana chini ya buti, na hilo halihitaji hata bisibisi. Hoja nzito zaidi ni kwamba mwenye duka la kukodisha alishapima. Alipima, sikatai, ila aliipimia foleni nzima: pembe inayomfaa kila mtu kidogo. Nyuzi 15 kwa mguu wa mbele na 15 kinyume kwa wa nyuma humfaa anayeteleza kwa pande zote mbili, lakini goti likilalamika, punguza hizo za nyuma hadi lielekee zilipo ncha za vidole. Anayeiga pembe za bingwa wa Olimpiki anasahau kwamba magoti ya bingwa hayauzwi dukani. Na skrubu zikaguliwe kila asubuhi, kwa kuwa mtetemo huzilegeza. Bisibisi iwe ya msalaba, namba 3. Iliyo ndogo italiguguna tundu la skrubu, na hapo hata kuilaani barafu hakutaifungua.