Tamasha Lisilokosa Mfadhili

Wanaosema Bunia haina matukio Desemba na Januari hawajasoma kalenda. Mvua zikikatika, vumbi hutua juu ya magari, nguo na mikate bila kuuliza kabila la mtu. Nani mwingine hapa Ituri anaweza kujisifia hivyo? Kisha Noeli na samaki wa Tchomia, mwaka mpya, tarehe 4 mashahidi wa uhuru, 16 kumbukumbu ya Rais Kabila, 17 ya Lumumba. Mtu hajamaliza kupumzika, anaamriwa apumzike.

Lakini pambo la msimu ni utawala wa kijeshi wa dharura. Rais Tshisekedi wa Kongo aliutangaza, ukaanza tarehe 6 Mei 2021, uwe wa siku 30 tu, umalize mauaji. Ukapendeza mno. Tangu hapo huongezewa siku 15, halafu 15 nyingine, na makundi yenye silaha ya CODECO na ADF, waalikwa wa heshima, hawajaacha kuhudhuria.

Zanzibar wanatamba na tamasha la muziki la Sauti za Busara, linalokuja mara moja kwa mwaka, na mwaka 2016 lilikosa pesa, halikufanyika. Letu, la dharura, hurudi kama mara 24 kwa mwaka, na sijasikia limekosa pesa. Lamu husubiri mwezi ndipo wasome Maulidi. Sisi hatusubiri mwezi wala wabunge: wakienda likizo, serikali hujisainia nyongeza yenyewe.

Watoto waliozaliwa mwaka ule wa 2021 wanakwenda shule sasa. Wanahesabu vizuri sana mpaka 15, kisha wanaanza tena moja.